Chachu ya Mzazi

Osmunda Haule alikuwa akimvisha mtoto gauni ndipo vidole vyake vikakuta kitu kifuani. Vifundo viwili vidogo, vigumu, kama punje za soya zilizoloweshwa. Mtoto mwenyewe, Salima, alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Akasema panauma, kisha akacheka, akidhani anatekenywa.

Osmunda alishusha lile gauni, akamfunga na kanga juu yake ingawa hapakuwa na baridi, akamketisha na bakuli lake la togwa. Halafu akalitazama lile bakuli. Akaliondoa. Mtoto akaangua kilio, naye akamrudishia.

Somoe, mama wa mtoto, aliporudi kutoka mashamba ya pangoni yanayomulikwa kwa taa akiwa na makapi ya mtama kwenye nywele, aliuliza mtoto ameshindaje. Akaambiwa ameshinda vizuri, amekula, hana neno. Osmunda akaaga, akisingizia magoti.

Uongo mtupu. Magoti yake yalikuwa mazima kuliko ya mwanamke yeyote wa umri wake aliyepata kuishi Mwezini, na alijua yalivyopona.

Watu wa Songea ndio waliotangulia kuchimba pango lile, wakaliita Matogoro ya Juu, kwa jina la milima ya kwao. Baadaye wakaja wa Mtwara, wa Bukoba, wa kila mahali. Kazi ilikuwapo, hewa ilikuwapo, maji yalizungushwa na kusafishwa hadi mtu unaacha kujiuliza yametoka kwa nani. Kilichowashinda ni mfupa. Mwezini mtu ni mwepesi, ndoo iliyojaa unaibeba kwa vidole viwili. Sasa mfupa ni kama kibarua, usipompa kazi anaaga. Vijana walivaa fulana zilizoshonewa vyuma wakapata nafuu. Wanawake waliokwisha koma hedhi, fulana hazikuwafaa kitu. Klotilda, dada yake Osmunda, alivunjika nyonga akiinuka kutoka kwenye kigoda. Hakuanguka. Aliinuka tu.

Ndipo zahanati ikaleta vile vichupa. Ndani mna chachu hai: kijiko kimoja asubuhi, kinywani mwa mwenyewe, usichanganye na kitu, usimpe mtu. Kina mama walikubali kwa kuinua mikono. Klotilda akaanza kuketi, akasimama, akaenda jikoni kugombana na watu kuhusu chumvi, na wote wakajua sasa huyu amepona.

Osmunda naye alitumia, ila kwa njia yake. Kile kichupa kilikuwa na ladha ya maji ya sabuni. Na yeye ni mpika togwa, binti wa mpika togwa. Tangu utoto wake kule Peramiho alijua kwamba chachu hainywewi kwa kijiko kama dawa ya kikohozi. Chachu hutiwa chunguni, ikalishwa, ikakua. Basi akaitia chunguni pamoja na uji wa soya na kimea cha mtama. Togwa iliyotoka ilisifiwa pango zima. Magoti yake yakapona vilevile kama ya wenzake waliokunywa kwa kijiko, naye akaona hakuna alichokosea.

Kisha Somoe akajifungua. Mumewe alikuwa machimbo ya barafu, upande wa kusini. Mama yake mzazi alikuwa Newala, duniani. Uji wake wa togwa ulikataa kuchacha. Akaja mlangoni kwa Osmunda, kanga imelowa maziwa, akaomba chachu kidogo. Kwao Osmunda mzazi akiomba chachu hanyimwi. Ukimnyima, walisema wazee, maziwa yake yatakauka na lawama ni yako. Osmunda alisita. Kusita alisita. Halafu akamchotea, na akamfundisha kama alivyofundishwa yeye: chachu haishukuriwi, na aliyekupa hatajwi, ukimtaja chungu kinaoza.

Tangu siku ile Somoe alimwita mama.

*

Osmunda alijaribu kulimaliza jambo la vile vifundo kichinichini. Kesho yake alipita kwa Somoe, akanusa chungu, akakunja uso, akasema hiki kimeharibika, kimwage. Somoe akakimwaga bila swali. Osmunda akarudi kwake na moyo mwepesi, akapanga hata cha kusema vile vifundo vikinywea: si kitu, watoto wa siku hizi wana mambo.

Aliporudi kumtazama mtoto akakuta chungu kimejaa tena, kinatoa povu. Somoe akamweleza kwa furaha kwamba amekwenda kuomba kwa jirani ambaye yeye mwenyewe alimgawia wakati naye alipojifungua.

“Kwa hiyo ni ileile yako, mama,” akasema. “Haijapotea.”

Osmunda akaitikia kwamba vizuri. Akawa anahesabu moyoni wazazi wa pango lile tangu Salima azaliwe, akaacha kuhesabu.

Siri ilitoka bafuni, mahali pa kuogea pa kina mama, ambapo maji huja kwa zamu na huwezi kumwogesha mwanao peke yako hata ungetaka. Bi Gaudensia Nyoni, mwenyekiti wa baraza la kina mama, mwanamke mnene wa sauti na mwembamba wa mwili, alimwona Salima akikimbia na povu la sabuni.

“We Somoe,” akasema, “mwanao huyu anataka kuchezwa unyago kabla hajamaliza kuota magego?”

Wanawake wakacheka. Somoe akacheka pia, kwa kuwa kwao Newala utani wa namna hiyo haukosi. Halafu akamwinamia mtoto, akatazama vizuri, na kicheko kikamkauka mdomoni. Bi Gaudensia naye akasogea. Osmunda alikuwa pale, amejifunga upande wa kanga, na alichofanya ni kuendelea kusugua kisigino chake.

Haikupita muda, maneno yakawa yamefika kila kona. Kwamba Somoe anampaka mtoto mafuta ya kuongeza mwili. Kwamba ameiba vichupa vya kina mama. Kwamba wanawake wa pwani ya kusini wanajulikana kwa dawa zao. Hilo la mwisho lilisemwa mbele ya Osmunda, na yeye akasema tu kwamba watu wasiseme wasichokijua, kisha akaondoka, kwa sababu yeye alikijua.

*

Daktari Rwegoshora aliitwa barazani, ambako Osmunda naye alikuwa mjumbe. Alikuwa mtu wa Bukoba, mpole, mwenye tabia ya kujibu hata swali ambalo hujauliza, na kina mama walimpenda kwa hilo.

Alisema amepima mkojo wa mtoto. Akaomba wamvumilie aeleze kidogo. Soya, akasema, hata ile ya duniani, ina vitu ndani yake vinavyofanana na homoni ya kike. Si homoni. Ni kama mtu aliyevaa sare ya askari: si askari, ila ukimkuta getini unaweza kumtii. Kwa mlaji wa kawaida askari huyo wa bandia ni dhaifu, anazungukazunguka mwilini kisha anatoka. Tena hawi sawa kwa kila mtu. Wapo ambao vijidudu vya tumboni mwao humgeuza akawa na nguvu zaidi, na wapo wasio na vijidudu hivyo, wakala soya hiyohiyo wasione lolote.

“Sisi tulichofanya,” akasema, “ni kutengeneza kijidudu cha kumpa huyo askari bunduki. Kwa nyinyi kina mama anakwenda kwenye mfupa, anauamrisha usimame kazini, unatii. Kwa mtoto anafungua milango ambayo saa yake haijafika.”

Bi Gaudensia akauliza mtoto atakuwaje.

Daktari akasema bado ni mapema. Kijidudu kikitolewa tumboni, vifundo vitanywea. Kikiachwa, mwili utaendelea kukimbia, mifupa itajifunga kabla ya kurefuka, atabaki mfupi na atavunja ungo angali mtoto. Dawa ya kukitoa ipo. Lakini kama chanzo kiko nyumbani, atamtibu leo na kesho kitarudi. Kwa hiyo lazima ajue kimetoka kwa nani na kimefika wapi.

Hapo ndipo shida ilipokuwa, na kila aliyekaa pale aliijua. Sheria ya mji ilikuwa moja, tena waliitunga wenyewe: mzazi anayempa mtoto dawa ya mtu mzima anateremshwa duniani kwa chombo kinachofuata. Na mtoto aliyezaliwa Mwezini hateremki. Moyo wake na mifupa yake haijawahi kubeba uzito wa dunia, uzito huo ungembana kama mawe. Somoe akipatikana na hatia, yeye atakwenda Newala, na Salima atabaki kulelewa na mji, maana machimboni aliko baba yake watoto hawaruhusiwi.

Somoe akaitwa. Akaingia na mtoto mgongoni, akawaamkia wote kwa zamu, akianza na Osmunda. Bi Gaudensia akamuuliza mtoto anakula nini. Akasema ugali, mboga, togwa, kama watoto wote. Daktari akauliza kwa upole hiyo togwa chachu yake aliipata wapi.

Somoe akatazama chini. Osmunda aliona mdomo wake ukifunguka na kufungwa, na akajua hasa ni maneno gani yanayomzuia, maana ni yeye aliyemtia maneno hayo kichwani.

“Nilikuja nayo kutoka nyumbani,” akasema.

Baraza likaguna. Hakuna anayekuja na kitu kutoka nyumbani. Unasafishwa hadi chini ya kucha kabla ya kupanda chombo, hata mbegu ya mchicha hupiti nayo. Bi Gaudensia akamwambia, bila ukali, kwamba hapo amejiharibia. Akampa nafasi akatafakari, warudi baada ya chakula.

*

Klotilda alikuwa jikoni anasonga ugali. Angeweza kukaa, lakini tangu apone alikuwa hakai akipata sababu ya kusimama. Alimsikiliza mdogo wake hadi mwisho bila kuacha kusonga. Hakushangaa. Togwa ile na yeye alikuwa ameinywa, na ulimi wake haukuwa wa kudanganywa.

Aliuliza jambo moja tu: wakijua chachu imezagaa, watafanyaje? Osmunda akasema wataua yote. Kila chungu, kila tumbo, na vichupa pia, mpaka itengenezwe nyingine isiyoweza kuishi nje ya kichupa. Ndivyo daktari alivyodokeza, wala hasemi ni lini.

“Mwaka ule nilikuwa najisaidia kwenye beseni,” Klotilda akasema. “Na mwagaji ni wewe.”

“Najua, dada.”

“Mimi sikuona aibu kuvunjika. Niliona aibu ya beseni.” Akapiga mwiko ukingoni mwa sufuria. “Kaa kimya, Osmunda. Yule binti ni kijana. Atateremka, ataolewa kwingine, atazaa mwingine.”

Osmunda akahisi uso wake unawaka. Si kwa sababu dada yake amesema neno la ukatili. Ni kwa sababu neno lilikuwa lake. Alikuwa amelisema mwenyewe moyoni, hivyohivyo, ataolewa kwingine, atazaa mwingine, akiwa amempakata mtoto wa watu na kumpulizia uji. Kulisikia kwa sauti ya mtu mwingine kulikuwa kama kukutwa bafuni mlango ukiwa wazi.

Akasimama.

“Hiyo sura naijua,” Klotilda akasema. “Ni ya mama akielekea kuungama. Kula kwanza, basi.”

Hakula.

*

Aliyasema barazani akiwa amesimama, na aliyasema haraka. Kwamba chachu ni yake. Kwamba aliichanganya chunguni kinyume cha ahadi, akamgawia Somoe alipojifungua, kwa kuwa mzazi hanyimwi. Kwamba ni yeye aliyemkataza kumtaja. Somoe hakuiba, hakupaka, hakujua.

“Nami sikujua kwamba ingemdhuru mtoto,” akamalizia.

Na hilo lilikuwa kweli, ukilitazama upande mmoja. Siku ya kugawa hakujua.

Baraza likashusha pumzi. Mmoja akasema maskini, bibi wa watu, huruma ndiyo iliyomponza. Daktari akauliza ni nani mwingine, Osmunda akasema yeye alimpa mmoja tu, lakini Somoe akamtaja jirani, jirani akamtaja mwenzake, na mwenzake akawa ni binti wa Bi Gaudensia mwenyewe. Mwenyekiti akafunga macho kidogo. Hakuna aliyekuwa amefanya ubaya. Kila mmoja alikuwa amemhurumia mzazi.

Uamuzi ukawa kama Osmunda alivyomwambia dada yake: vyungu vyote vije, watu wote wanywe dawa, vichupa visimame. Kumteremsha Osmunda duniani, na mifupa ya umri ule, ni kumuua, kwa hiyo atabaki, ila barazani hatakaa tena. Kisha Bi Gaudensia akafanya jambo ambalo Osmunda hakulitegemea. Alimsifu. Alisema si kila mtu mzima angesimama mbele ya watu kama alivyosimama yeye, na vijana waige. Watu wakaitikia. Osmunda alikuwa amejiandaa kutukanwa. Hili hakujiandaa nalo, na alilipokea akiwa ameinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Klotilda alileta chungu chake mwenyewe, amekibeba kichwani, anatembea polepole ili kila mtu amwone akitembea. Akakitua mbele ya daktari.

“Chukueni,” akasema. “Na mniandalie kigoda kirefu mapema. Kile kifupi sitaki kukiona.”

Hakumtazama mdogo wake.

*

Foleni ya dawa ilikuwa ndefu, ikabidi zahanati iweke mabenchi ukumbini. Osmunda alipangwa karibu na Somoe. Salima alikuwa katikati yao, anachezea pindo la kanga. Mbele yao wanawake waliokwisha kunywa walikuwa wakitoka wameshika matumbo, na mmoja, mzee kuliko Osmunda, alikuwa amesimama ukutani anakunja na kukunjua goti lake, kana kwamba anaagana nalo.

Somoe akamshukuru. Akasema alikuwa amekwisha jikatia tamaa, alikuwa ameshaanza kumfundisha Salima jina la baba yake na la kijiji, ili akikua ajue kwao. Akasema jambo lililomshinda kuelewa ni lile la chungu kunuka. Yeye alikinusa, hakikuwa na harufu mbaya. Alikimwaga kwa heshima tu.

Osmunda akaangalia pindo la kanga mkononi mwa mtoto.

Somoe akamgeukia. Hakuwa mjinga, alikuwa na adabu, na watu huyachanganya mambo hayo mawili.

“Ulijua tangu lini?”

Angeweza kusema leo. Daktari alikuwa ametoa maelezo yake mbele ya watu. Angeweza kusema ni pale ndipo nilipozinduka, na hakuna kiumbe, juu wala chini, ambaye angembishia. Baraza zima lilikuwa limekwisha kulisadiki. Bi Gaudensia alikuwa amekwisha kulipigia makofi.

“Nilivigusa nikimvisha gauni,” akasema. “Kabla ya chungu. Kabla ya bafuni.”

“Ukamfunga kanga.”

“Nikamfunga kanga. Na togwa nikampa.”

Somoe akatazama mbele. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya kawaida, kama ya mtu anayeuliza zamu ya maji.

“Nilikuwa nakubali kuachana na mwanangu ili nisikutaje.”

“Najua.”

“Ulikuwa umekaa pale, unanitazama.”

“Ndiyo.”

Mhudumu akatokeza mlangoni akaita anayefuata. Ilikuwa zamu ya Somoe. Salima alipoona wanainuka akanyoosha mkono kumshika Osmunda ili naye aje, kama walivyozoea kwenda kila mahali. Somoe akaushika ule mkono, taratibu, asimshtue mtoto, akaushusha. Akambeba, akamweka upande wa pili wa kiuno, akaingia naye ndani.

Mlango ukafungwa. Aliyekuwa nyuma kwenye foleni akamgusa Osmunda begani, akamwambia asogee, nafasi iko wazi. Osmunda akasogea.